Orodha ya Yaliyobaki

Justa alikuwa msahaulifu, na tuliseme hilo mapema, maana hata yeye mwenyewe hakulificha. Siyo usahaulifu wa kuunguza maharage. Huo ni wa kila mtu. Wake ulikuwa wa jambo zima kutoka kichwani kana kwamba halikuwahi kuingia. Alipokuwa karani katika ofisi moja ya ushirika wa pamba, alitembea na barua za kuitia mkutano kwenye mkoba wiki tatu nzima, wajumbe hawakuitwa, na mkutano ukafanyika kwa watu wanne na mwenyekiti. Basi ilipofika miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, ofisi za umma zikipukutika moja baada ya nyingine, jina lake lilipita bila mjadala. Alitoka na barua ya shukrani na aibu iliyomkaa kifuani miaka.

Akaapa hatasahau tena. Jamani, mtu anaapaje asisahau? Ni sawa na kuapa kutoota. Alichoweza ni kuandika, na akaandika kweli: kwenye daftari, kwenye viganja, nyuma ya bahasha. Kwa sifa hiyo ya kuandika ndipo bwana Nadim alipomwajiri kwenye kiwanda chake kipya cha minofu ya sangara, pale ufukweni Mkuyuni. Kazi yake ilikuwa kuweka kumbukumbu za mafundi: kipi kimeharibika, kipi kimetengenezwa, kipi bado.

Mwaka tisini na tano, binti wa bwana Nadim, Ishrat, alirudi kutoka masomoni Nairobi na kompyuta. Ilikuwa ya kwanza kiwandani. Mafundi walikuja kuichungulia dirishani, wakatoa maoni yao, wakarudi kwenye mashine wanazozijua. Ishrat alimkalisha Justa mbele yake, akamwonyesha programu ya kupanga kazi.

"Kazi kubwa inakaa juu, dada Justa," alisema. "Chini yake, zimesogezwa ndani kidogo, zinakaa kazi ndogo zinazoijenga. Na kila ndogo nayo inaweza kuwa na zake chini yake."

Wakaanza na chumba cha baridi namba mbili. Juu: kutengeneza chumba. Chini yake: kubadili mpira wa mlango, kuita fundi wa gesi. Chini ya fundi wa gesi: kupata gari la kumleta, kumwandalia pa kulala. Justa alitazama ngazi ile ya maneno ikishuka kwenye kioo, akajisikia kama mtu aliyefungiwa mzigo vizuri na mwenzake.

Halafu Ishrat akamwonyesha kuchuja. Ukibonyeza kitufe kimoja cha juu, zilizokwisha zinaondoka machoni, yanabaki yaliyobaki. Hazifutwi, zipo, ila huzioni, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. "Na ukisema kazi ya juu imekwisha," aliongeza, "zote za chini yake zinaondoka nayo, hata usipozigusa. Maana nyumba haiwezi kuwa imekwisha halafu paa bado."

"Haiwezi," alisema Justa. Nani angebisha? Kiwandani hakuna aliyefunga kazi ya juu kabla ya za chini. Mafundi wenyewe wasingekubali.

Alilipenda chujio lile kuliko kitu chochote ofisini. Kazi zenye tarehe zilikuwa zikijitokeza zenyewe na nyota pembeni wiki moja kabla: oili ya jenereta, kunoa visu, kusafisha matangi. Hakulazimika kukumbuka. Taratibu, kama sisi sote tunavyofanya tukipata wa kutubebea, aliacha kubeba. Na kwa sababu kichwa cha mtu ni kimoja, akaingiza na mambo yake mwenyewe, chini kabisa ya orodha, chini ya neno Nyumbani. Ishrat alikuwa anajua, akacheka tu.

Nyumbani kwenyewe, tuseme ukweli, hakukuwa na mambo mengi. Justa alipanga vyumba viwili kule juu kwenye mawe ya Mkuyuni, ziwa lote likiwa chini yake. Mume wake alikwenda Mererani kutafuta vito, barua zikaja, zikapungua, zikakoma. Watoto Mungu hakumpa. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, na hakuna ugali mgumu kupika kama huo. Ama unazidi, ama ni wa kumlisha kifaranga. Alikula akiwa amewasha redio ili chumba kiwe na mtu mwingine anayeongea. Alikuwa mpweke, basi. Alijua hivyo, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwishoni mwa Aprili baba yake alifariki, Misungwi. Justa alikwenda, akazika, akarudi kazini akiwa na orodha nzima chini ya mstari mmoja: Msiba wa Baba. Kurudisha masufuria ya kanisa. Kuandika jina kwenye msalaba. Kuwashukuru wachimbaji wa kaburi. Alizifunga moja moja, kila moja ikimwachia nafasi kidogo ya kupumua.

Ila aliyebaki kule nyumbani alikuwa Dorotea. Huyu alikuwa mke wa pili wa baba yake, aliyeolewa baada ya mama mzazi wa Justa kufariki, wakati Justa akiwa darasa la tatu. Hakuzaa. Alimlea Justa huyohuyo mmoja, akamshonea sare, akampeleka sekondari kwa mguu siku basi lilipokosekana. Justa alimwita Mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na hakuwahi kumwita kingine.

Mwanzoni mwa Juni, siku ya arobaini, ukoo ulikusanyika kuanua matanga. Usiku wake Justa na Mayu walikaa jikoni wawili tu.

"Mayu, njoo tukae wote Mwanza," Justa alisema. "Nina chumba kimekaa bure. Mimi huko sina mtu, na wewe hapa huna mtu."

Mayu alisema atakuja pamba ikishachumwa. Kisha akasema hapana, na viazi je? Akasema vikishakauka. Kisha akahesabu miezi kwa vidole, akasogeza nyuma, akasogeza mbele, mpaka wakakubaliana siku moja, na Justa akaiandika kwenye kiganja. "Lakini uje unichukue wewe mwenyewe," Mayu alisema. "Sitaki kufika mjini kama mtu aliyefukuzwa. Nataka majirani waone mwanangu amenifuata." Justa akaapa. Wote wawili walilia kidogo, wakacheka, wakalala.

Asubuhi baba mdogo Shimba, mkubwa wa ukoo sasa, alisimama uani akatangaza kuwa msiba umekwisha. Akawaonya wanaukoo, na alimtazama Justa hasa: "Msiba haubakizwi. Mkiuanua, uanueni wote. Ukiachwa wazi unaita mwenzake." Haya ni maneno ambayo kule hakuna anayeyachezea, awe ameenda shule au hakwenda.

Jumatatu Justa aliingia ofisini na kiganja chake. Chini ya Msiba wa Baba akaandika: Kumchukua Mayu. Akaweka tarehe. Akanawa mkono, ule wino ukaenda na maji, na tarehe ikatoka kichwani papo hapo, kama kawaida yake. Kisha akautazama mstari wa juu. Msiba wa Baba, na mbele yake hakuna alama yoyote. Uko wazi! Sauti ya baba mdogo Shimba ilimjia kana kwamba amesimama mlangoni. Akapeleka mkono harakaharaka, akaufunga. Imekwisha.

Kioo kikajikunja. Msiba ukaondoka, na vyote vilivyokuwa chini yake. Justa akashusha pumzi, akasema, "Pumzika, Baba."

Unamlaumu? Mlaumu, lakini usimlaumu kwa kukosa upendo. Ishrat alikuwa amemweleza habari ya chumba cha baridi, na chumba cha baridi hakiiti mwenzake ukikiacha wazi. Justa aliona jina la Mayu limeondoka, akadhani limekwenda kungoja tarehe yake, kama oili ya jenereta. Siku ikifika litajitokeza na nyota.

Basi akaanza kungoja. Julai alimwendea seremala wa Mkuyuni, akachonga kitanda cha pili cha mninga, kifupi kidogo kwa sababu Mayu ni mfupi. Akakitandika. Jioni aliacha mlango wa chumba kile wazi ili akione kitanda akiwa anakula. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, alifungua orodha ile iliyochujwa, akashuka mpaka chini kabisa, kwenye Nyumbani. Palikuwa tupu. Bado, alijiambia. Siku bado.

Agosti Ishrat aliolewa, akaenda Kampala. Ofisi ikawa kimya kiasi cha kusikia mashine za chini zikikata mifupa. Justa akawa anaongea peke yake, na wakati mwingine akaijibu kompyuta. Jamani, angeuliza! Misungwi siyo ng'ambo ya dunia, malori yanapita kila siku. Angetuma neno moja tu: Mayu, tulisema lini? Lakini hapo ndipo ile aibu ya kifuani ilipomkaba. Kumuuliza Mayu tarehe ni kukiri kwamba ameisahau. Mtu unasahauje siku ya kumfuata mama yako? Akanyamaza, akaiamini mashine.

Katikati ya Septemba, Yeremia, dereva wa lori la pamba kutoka Misungwi, alisimama getini akashusha gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. "Limetoka kwa Mayu wako," alisema. "Anakusalimu sana. Anasema viazi vimeshakauka."

Justa alifurahi mpaka akalia mbele ya walinzi. Lakini akawaza: mtu anayekuja hatangulizi gunia la chakula. Ametuma kwa sababu yuko huko kwa muda bado. Siku iliyofuata akanunua kilo tano za sukari, mche wa sabuni na majani ya chai, akampa Yeremia arudi navyo. "Mwambie namkumbuka kila siku," alisema, na ilikuwa kweli tupu.

Oktoba ikapita na uchaguzi wake, magari yenye vipaza sauti yakipiga kelele barabara nzima. Novemba mvua zikaanza. Wiki ya pili ya Novemba wanunuzi wa minofu walikuwa wanakuja kukagua kiwanda, na bwana Nadim akataka orodha ya kazi zote za mwaka mzima, zilizofanyika na zisizofanyika.

"Zote, Justa. Waone tunafanya kazi."

Justa akaondoa chujio. Hakuwa ameliondoa tangu Ishrat aondoke. Printa ikaanza kukereza, karatasi ndefu yenye vitundu pembeni ikashuka ikijikunja sakafuni. Akaifuata kwa macho akihakiki, chumba cha baridi, jenereta, matangi, mpaka mwisho, kwenye mambo yake ambayo alikusudia kuyakata kwa mkasi.

Msiba wa Baba, imekwisha. Masufuria ya kanisa, imekwisha. Msalaba, imekwisha. Wachimbaji, imekwisha. Kumchukua Mayu, tarehe ishirini na sita mwezi wa nane.

Mbele yake hakukuwa na kitu. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Justa alikaa sakafuni juu ya karatasi zile, akaweka mkono mdomoni, na bwana Nadim alipoingia alidhani kuna mtu amekufa.

Jumamosi asubuhi alishuka Misungwi na mwavuli na mkoba. Mlango wa nyumba ya baba yake ulikuwa umefungwa kwa waya. Uani majani yalikuwa yameota hadi jikoni. Alisimama pale akiita, "Mayu! Mayu!" mpaka jirani yao Kija, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kanisani, akatoka kwake na kumwambia kwamba Mayu anaishi huku, kwake, na kwamba apite, asinyeshewe.

Mayu alikuwa anapepeta mtama barazani. Alikuwa amepungua. Alipomwona Justa aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu kiti."

Kiti! Katika nyumba ya Mayu Justa hakuwahi kupewa kiti. Alikaa kwenye kigoda, au chini, au alipewa kisu na vitunguu. Mayu akanong'ona na Kija, na Kija akaenda nyuma ya nyumba, na kelele za kuku zikasikika.

"Mayu, msichinje kuku. Mimi si mgeni."

"Umetoka mbali," alisema Mayu.

Justa akaeleza. Akaeleza vibaya, akilia katikati: mashine, mstari wa juu, mistari ya chini, baba mdogo Shimba na msiba usiobakizwa, nyota ambayo haikutokea. Mwingine angesema ni uongo wa mjini. Mayu alisikiliza kwa makini kama anayesomewa barua.

"Kwa hiyo niliandikwa?" aliuliza.

"Uliandikwa, Mayu. Siku ileile niliyofika."

"Na nilikuwa humo muda wote huu?"

"Muda wote."

Uso wa Mayu ulilegea kidogo. "Hapo nafarijika," alisema. "Nilidhani hukuniweka popote."

Kisha naye akasema yake, bila kupandisha sauti. Mwezi wa nane aligawa majembe, maana mjini atalima nini? Akagawa masufuria na kuku. Shamba akampa Kija alime. Tarehe ishirini na sita alivaa nguo ya kanisani, akakaa barabarani na sanduku. Kesho yake pia. Siku ya tatu watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara ili wasimwaibishe, akarudi ndani. Viazi vilipokauka akatuma gunia, kwa sababu mtu haombi mlango wa mtoto wake kwa mdomo. Alijua Justa akiiona michembe atakumbuka walichosema jikoni. Ikarudi sukari na sabuni.

"Nikajua umenitumia posho," alisema. "Mtu hampi posho anayekwenda kumchukua. Nikasema, haya, amenipangia kukaa hukuhuku."

"Hapana, Mayu, jamani! Nilikuwa nakungoja. Kitanda kipo. Nilikichonga tangu mwezi wa saba. Kila siku nakitazama."

"Ulikuwa unanitazamia?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa nakutazamia wewe." Mayu alichukua ungo, akaushika tu bila kupepeta. "Justa, ng'ombe akikosekana zizini jioni, baba yako alikuwa akiuliza nani? Alikuwa anachukua fimbo anakwenda kumtafuta. Hata kama hana hakika amepotelea wapi."

Hakuna mashine ya kuisingizia hapo. Justa alipiga magoti akashika miguu ya Mayu, akamwomba waondoke wote leo, sasa hivi, atambebea sanduku kichwani majirani wote waone. Mayu akamwinua.

"Sikuchukii. Nimekulea mimi, nitakuchukiaje? Lakini nilipokuwa sina jembe Kija alinipa jembe, na nilipokuwa sina chungu alinipakulia. Amenipa chumba. Leo nimwambie nilikuwa napita tu? Siwezi. Nimeshapata pa kukaa, mwanangu. Na kukungoja tena sitaweza, kulinimaliza nguvu."

Wakala. Justa alipewa paja na firigisi, Kija akamnawisha mikono, wakaongea habari za mvua. Alijaribu kuondoa vyombo, akakatazwa. Alimeza kila tonge kwa shida, kwa sababu alijua kuku yule ni wa kukopwa.

Saa tisa Mayu alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea mkoba. Lori lilionekana kwa mbali likipanda kilima, na Justa akamshika mkono.

"Mayu, nije lini tena?"

"Njoo siku yoyote utakayokumbuka."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, kama unavyomwambia jirani wa mbali apite akipata nafasi. Kisha akamrudishia mkoba, akajifunika khanga kichwani na kuondoka upesi, maana mvua ilikuwa inaanza tena na nguo za nyumba ya Kija zilikuwa bado ziko kambani.